Nyumba ya Familia na Kodi ya Ongezeko la Mtaji: Omba Uamuzi Kabla ya Kupokea Arubuni

Mara nyingi mtu hufika dirishani kwetu, ofisi ya kodi, akiwa ameshauza nyumba na fedha zimeshagawanywa kwa ndugu, ndipo anauliza kama anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza mali kama nyumba. Jibu lingemfaa zaidi kabla hajatia saini mkataba wa mauziano.

Kauli kwamba nyumba ya familia haina kodi imeenea mno mitaani, na madalali wanairudia. Si kweli. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inazungumzia makazi binafsi ya mtu, na inataka mambo matatu yatimie kwa pamoja: uwe umeimiliki nyumba mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, uwe umeishi humo, mfululizo au kwa vipindi, jumla ya miaka 3 au zaidi, na faida isizidi shilingi 15,000,000. Sharti la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Faida ikizidi hapo, nyumba yote hutoka kwenye msamaha, si ile ziada peke yake.

Faida si bei ya kuuzia. Ikiwa kiwanja na ujenzi viligharimu milioni 60, ukauza kwa milioni 95 na kuwalipa dalali na wakili milioni 3, faida ni milioni 32. Mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10, yaani shilingi 3,200,000. Asiye na kumbukumbu za gharama hana njia ya kuonyesha kwamba faida yake haikuvuka kiwango cha msamaha. Tunzeni risiti za saruji, nondo na mabati, tafadhali.

Penye utata, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakuruhusu kumwandikia Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuomba uamuzi, yaani msimamo wake wa maandishi juu ya jambo lako mahususi, liwe limeshafanyika au bado unalikusudia. Ukieleza yote kwa ukamilifu na usahihi, na mauzo yakafanyika kama ulivyoeleza, Kamishna anafungwa na uamuzi huo kwako. Kwako wewe, si kwa shemeji yako mwenye nyumba inayofanana na yako. Maelezo ya mdomo ya ofisa, yangu yakiwemo, hayana nguvu hiyo.

Wenye mirathi ndio ninaowasihi zaidi. Watoto watano wamerithi nyumba ya baba yao Tanga; mmoja anaishi humo, wanne wako Mwanza na Dar es Salaam. Miaka 3 ya kila mmoja inahesabiwaje, na kuanzia lini? Au nyumba ina fremu za duka mbele na wapangaji uani. Hayo ni maswali ya kuandikiwa barua. Taja tarehe za umiliki, nani aliishi humo na lini, gharama, bei inayotarajiwa na swali lenyewe, kisha ambatisha hati, barua ya usimamizi wa mirathi na risiti. Ukificha wapangaji, uamuzi haukukingi.

Aliyeishi humo miaka 20 na faida yake ni milioni 6 hahitaji uamuzi. Anahitaji cheti, kwa kuwa Msajili wa Hati hasajili uhamisho bila cheti cha Kamishna kwamba kodi hiyo imelipwa au haidaiwi. Msamaha haukuondolei hatua hiyo, na hili tumelieleza mara nyingi.

Kodi ikicheleweshwa hutozwa riba, nayo hujumlishwa kila mwezi juu ya riba iliyotangulia. Usipokubaliana na makadirio, weka pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kuyapokea. Pingamizi huambatana na malipo ya theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au ya kiasi usichobishania, kutegemea kipi ni kikubwa. Warithi wanaopinga wakati fedha zimeshagawanywa hulazimika kwanza kuichanga tena theluthi hiyo.