Je, wajua kwa nini mgodi wa Soudan ulifungwa na chuma bado kimo ndani?

Sisi Waganda mtu akitaja mgodi uliofungwa, akili inaenda Kilembe kule Kasese. Shaba ilianza kutoka 1956, mambo ya nchi yakaharibika miaka ya 70, mwanzoni mwa miaka ya 80 kazi ikasimama. Lakini kuna mgodi wa chuma Marekani, jimbo la Minnesota, unaitwa Soudan (sio Sudani ya jirani, huko theluji inaanguka kwelikweli), ambao nchi ilikuwa na amani, kampuni ilikuwa na pesa, mawe yalikuwa bado yapo, na bado 1962 wakaufunga. Kwani nini kilitokea?

Shida haikuwa shimoni, ilikuwa kwenye tanuru. Mawe ya Soudan ni hematiti nzito (jiwe la chuma kilichoshikana na oksijeni), zaidi ya asilimia 60 ni chuma, kiwango kile kile ambacho watu wanasifia mawe yetu ya Muko kule Rubanda. Zamani viwanda vya feleji (steel) vilikuwa vinayatafuta sana manake chuma kikitoka kuyeyushwa mara ya kwanza kinakuwa na kaboni nyingi, kinavunjika ovyo, sasa mafundi walikuwa wanatupia mabonge ya hematiti ndani ya uji wa moto, oksijeni iliyo ndani ya jiwe inaikamata kaboni na kuitoa kama gesi. Kazi ya masaa mengi hiyo. Halafu mwaka 1952 kiwanda cha Linz, Austria, kikaanza kupuliza oksijeni safi moja kwa moja ndani ya tanuru, chini ya saa moja feleji iko tayari. Bonge la hematiti la nini tena?

Na hapo hapo Minnesota wenyewe wakawa wamejua kutumia takonaiti, jiwe maskini la asilimia 30 hivi ambalo zamani lilikuwa linaachwa tu. Unalichimba juu juu kwa matingatinga, unalisaga unga, sumaku inavuta chuma, unaviringisha vidonge, tayari kwa tanuru. Nani atalipa watu washuke chini mita 713?

Manake Soudan ilifika huko. Walianza 1882 na mashimo ya wazi, shehena ya kwanza ikasafiri kwa reli 1884, lakini kuta za mashimo zilizidi urefu na kuwa hatari, ikabidi waingie chini ya ardhi. Namna walivyochimba mimi ndiyo inanifurahisha zaidi: walikuwa wanakwenda juu, sio chini. Wanatoboa dari, wanalipua, wanatoa chuma, yale mawe ya bure wanayatandaza sakafuni wanasimama juu yake, kisha wanaitafuta dari tena. Mwamba wa pembeni ni mgumu kiasi kwamba hawakuhitaji misitu ya nguzo za mbao kuushikilia.

Ugumu huo ndio uliookoa mahali hapo baada ya kufungwa. Migodi mingi ukiiacha inabomoka, huu ulibaki umesimama na mitambo yake, na 1965 kampuni ya U.S. Steel ikalikabidhi jimbo mgodi huo bure, ukawa makumbusho. Nadhani kubomoa kungewagharimu zaidi, lakini tuwasifu tu. Mgeni anavaa helmeti, anaingia kwenye lifti ya chuma iliyolala upande kidogo kufuata shimo, giza na kelele kama dakika tatu hivi, na yule anayeendesha winchi huko juu hawaoni kabisa, anasikiliza kengele na kuangalia mshale wa kipimo. Chini kuna katreni kanawapeleka mpaka sehemu ya mwisho iliyochimbwa. Baridi nyuzi 10 mwaka mzima, asubuhi ya Kabale ile ya mwezi wa saba, kwa hiyo beba sweta.

Baadaye wanasayansi wa fizikia nao wakapataka, kwa sababu mwamba mnene hivyo unazuia miale mingi inayotoka angani isivuruge vipimo vyao. Wakachonga ukumbi kule kule chini, na kuanzia 2005 mpaka 2016 mtambo wa MINOS ukawa unanasa nyutrino (chembe ndogo mno zinazopenya hata mwamba) zilizorushwa kutoka maabara ya Fermilab karibu na Chicago, zikipita ndani ya ardhi kilomita 735.