Ukiulizwa "Upo?"

Mama mmoja wa makamo, aliyekuja kwangu kwa tatizo la kukosa usingizi, alirudi wiki ya pili amenuna. "Mwanangu, lile zoezi lako limenishinda. Nimekaa kitandani, nimefumba macho, nikahesabu pumzi. Ya tatu tu nikajikuta nawaza ada, ya nne nawaza marejesho ya kikoba, ya tano sikuifikia." Nikamuuliza alijuaje kuwa alikuwa amehamia kwenye ada. "Si nimejiona mwenyewe!" Basi mama, nikamwambia, hapo ulipojiona ndipo zoezi lenyewe lilipo.

Nimefanya kazi ya ushauri wa kisaikolojia kwa miaka mingi sasa, na hakuna dhana ninayoikuta mara nyingi kama hii, kwamba kutuliza akili ni kukifanya kichwa kiwe kitupu kama debe. Hakiwi. Akili huwaza kama moyo unavyosukuma damu, hauombi ruhusa. Tunachojizoeza ni kugundua kwamba imeondoka, kisha kuirudisha bila kujigombeza. Ikiondoka mara ishirini ukairudisha mara ishirini, umefanya zoezi mara ishirini.

Wenzangu wengine huliita jambo hili umakinifu, wengine uzingativu. Mimi na wateja wangu tunasema kuwepo, kwa sababu lugha yetu ilishaligusa zamani. Tukikutana njiani tunaulizana, "Upo?" Jibu ni "Nipo." Na mtu akijibu "nipo nipo tu," kila mmoja anaelewa kwamba mwili umefika na moyo umebaki kwingine. Vilevile tukisema fulani "ana mawazo", hatumsifu kuwa ni mtu wa fikra. Tunasema kuna jambo linamla.

Kwa hiyo yule mama sikumwongezea dakika za kukaa kitandani. Nilimuuliza anapika nini nyumbani, akasema wali wa nazi, karibu kila Jumapili, na nazi anakuna mwenyewe. Nikamwomba Jumapili ijayo akae kwenye mbuzi akune nazi moja kama ndiyo kazi pekee aliyo nayo duniani.

Nilijua ninachomwomba, maana mimi mwenyewe nimelifanya hili kwa muda mrefu. Unashika kifuu kwa mikono miwili, maji yake bado yanateleza kwenye kiganja. Mizunguko ya kwanza sauti ni laini, na nazi inayokunwa inadondoka kwenye sinia ikiwa nyeupe, nyepesi. Kadiri nyama inavyokwisha sauti inapanda, inakuwa kavu, mpaka meno ya mbuzi yanaanza kukwaruza kifuu. Ukiwa upo, mkono unageuza kifuu kabla hujaamua kukigeuza. Ukiwa umekwenda kwenye mkopo, utaona vipande vya kahawia kwenye sinia, au utakikuna kidole. Ndiyo maana naipenda nazi kuliko pumzi kwa wanaoanza: inakuonyesha papo hapo kwamba uliondoka, na inakuita urudi. Alipokuja tena aliniambia jambo moja tu, kwamba alikuwa hajawahi kuisikia ile sauti inavyobadilika, na nazi anakuna tangu akiwa msichana.

Njia hii ilivyoingia hospitalini ni habari ya mwaka 1979. Jon Kabat-Zinn, katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu ambao dawa zilikuwa hazijawasaidia vya kutosha. Alichukua mazoezi ya Wabudha, akayatoa kwenye ibada, akayapanga katika kozi ya wiki 8. Zoezi la mwanzo ni kula zabibu kavu moja: kuitazama, kuigusa, kuinusa, kisha kuitafuna taratibu. Hakuwaahidi kwamba maumivu yataondoka. Aliwafundisha kutenganisha maumivu yenyewe na yale tunayoyaongeza juu yake: "hayataisha", "nitalemaa", "watoto wangu watalelewa na nani". Maumivu ni mzigo mmoja, na hofu ya kesho ni wa pili. Huo wa pili ndio unaopungua.

Wapo wanaoniuliza kama hii si dini ya watu wengine inayopitishwa mlango wa nyuma. Swali ni la haki. Asili yake sijaificha, ila mazoezi ninayofundisha hayana dua wala sanamu, na Mwislamu anayejitahidi kupata khushuu katika swala, au Mkatoliki anayesali rozari polepole, hatakuta mgeni hapa. Anajua tayari jinsi moyo unavyotoroka katikati ya maneno, na jinsi ya kuurudisha.

Faida yake imepimwa, na ina mipaka. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Killingsworth na Gilbert, walichapisha matokeo ya watu wazima 2,250 walioulizwa kupitia simu zao, saa yoyote ya siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ilikuwa kwingine, na kwa jumla watu walikuwa na furaha ndogo zaidi pale akili ilipozurura. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuliko waliokuwa wamezama kwenye kazi iliyo mbele yao. Miaka 10 kabla ya hapo, mtafiti Teasdale na wenzake walijaribu njia hii kwa watu waliokuwa wamepona sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Kati ya waliowahi kuugua mara 3 au zaidi, waliorudiwa na ugonjwa ndani ya wiki 60 walikuwa asilimia 66 kwa waliopata huduma ya kawaida, na asilimia 37 kwa waliofundishwa. Kwa waliougua mara 2 tu, faida haikuonekana. Mimi huwa nawatajia wateja namba zote, hiyo ya mwisho ikiwemo.

Huna mbuzi ya nazi? Daladala inatosha. Umesimama, mkono juu kwenye bomba, foleni haisogei. Usianze na kichwa, anza na nyayo: zinagusa wapi, uzito uko mguu upi. Kisha toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta. Ukivuta pumzi mapigo ya moyo huongezeka kidogo, ukiitoa hupungua, ndiyo maana kuitoa polepole kunatuliza. Pumzi nne au tano, basi. Kondakta akikudai nauli, mpe, urudi kwenye nyayo.

Kuna watu ambao siwapi zoezi la kufumba macho. Aliyepita kwenye ajali mbaya au ukatili anaweza kukuta humo ndani kile alichokuwa anakikimbia, na kifua kikambana zaidi. Huyo namwambia afungue macho, ataje rangi anazoziona, asikilize sauti za nje, ashike kitu cha baridi. Akizidiwa aache, tulifanye pamoja.

Na linaloniuma ni kuona zoezi hili likitumika kuwanyamazisha watu. Niliwahi kuitwa na mwajiri mmoja niwafundishe wafanyakazi wake "kudhibiti msongo". Kumbe walikuwa hawajalipwa mshahara miezi mitatu. Nilimwambia awalipe kwanza. Mtu aliyedhulumiwa hana upungufu wa utulivu, na hasira yake inamweleza ukweli.

Kama unameza dawa za sonona au presha, endelea nazo mpaka daktari wako aseme vinginevyo. Na kama siku zinapita hulali, huli, au unawaza kujidhuru, acha nazi na pumzi, mwambie mtu wa karibu leo hii akusindikize hospitali.