Carrera RS ya 1973: pesa yote iko kwenye vitu ambavyo havimo

Juzi mteja wangu kanitumia picha kama arobaini hivi za Porsche 911 Carrera RS 2.7, nyeupe, rimu nyekundu na yale maandishi mekundu ya Carrera ubavuni, muuzaji anasema ni Lightweight halisi, yaani ile iliyopunguzwa uzito kiwandani, na anawapa kwanza makolekta kabla haijaenda mnadani. Kazi yangu ni kukagua magari ya zamani kwa niaba ya wanunuzi na hii ndio gari inayoniumiza kichwa kuliko zote, kwa hiyo leo nieleze vizuri maana maswali ni yaleyale kila siku.

Porsche walikuwa wanataka kushindana kwenye Group 4, daraja moja la mashindano ya magari, na sheria ilikuwa inataka gari 500 zilizouzwa kwa watu wa kawaida ndio uruhusiwe. Watu wa mauzo pale kiwandani waliogopa kweli, walidhani hazitaisha. Gari ikaonyeshwa Paris mwezi wa 10 mwaka 1972, na kabla mwaka haujaisha zote 500 zilikuwa zimeshapata wenyewe, wakaendelea kutengeneza mpaka zikafika 1,580. Sasa sikiliza hapa, kati ya hizo Lightweight yenyewe, ile yenye alama ya kiwandani M471, ni 200 tu. Nyingi zilizobaki ni Touring, ile ya starehe zaidi, M472, halafu kuna chache za mashindano kabisa.

Na bei ya wakati ule ndio inanifurahisha sana. Gari yenyewe ilikuwa kama marki 34,000 za Ujerumani, ukitaka Lightweight unaongeza marki 700, ukitaka Touring unaongeza 2,500 kwa sababu unarudishiwa kapeti, siti za nyuma, saa, na mambo ya starehe. Yaani aliyetaka vitu alilipa zaidi. Leo imegeuka kabisa, Lightweight inaiacha Touring mbali sana kwa bei, na mtu analipa hiyo pesa ya ajabu kwa saa ambayo haipo.

Uzito wa kiwandani wa Lightweight ni kilo 960, Touring ni 1,075. Hizo kilo 115 hazikutoka sehemu moja, waliokota kidogokidogo kila mahali kama mtu anayechambua mchele. Bati la bodi jembamba, vioo vyembamba, bampa la nyuma la faiba, hakuna siti za nyuma, mlango unaufungua kwa ndani kwa kuvuta mkanda badala ya hendeli, na hata nembo ya kwenye boneti ni stika! Mimi hiyo stika naipenda kupita kiasi, mtu alikaa ofisini akapima uzito wa nembo ya chuma akasema hapana, toa.

Injini ni siksi silinda, cc 2,687, na hapa kuna kazi nzuri ambayo watu wanaipita haraka. Walitanua silinda kutoka milimita 84 mpaka 90 bila kugusa urefu wa stroki, yaani mwendo wa pistoni, na ili kuta zisiishe walipaka Nikasil ndani, utando mwembamba mgumu wenye nikeli, badala ya kuweka slivu nene. Inatoa farasi 210 kwenye mizunguko 6,300, mafuta yanaingia kwa pampu ya Bosch ya kimakanika, inafika kilomita 245 kwa saa. Lile spoila la nyuma ambalo Wajerumani wanaliita mkia wa bata lilifanyiwa majaribio mpaka likafanya gari isinyanyuke nyuma ikishika spidi, na tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, kitu ambacho 911 za barabarani zilikuwa hazina kabla yake.

Sisi huku Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuijua. Safari Rally ya 1974, dereva wa Sweden Björn Waldegård alikuja na Carrera RS akamaliza wa pili nyuma ya Joginder Singh wetu na Mitsubishi Lancer yake. Gari ile ilinyanyuliwa na kuimarishwa kwa ajili ya matope na mawe, ila asili yake ni hiihii.

Sasa ukaguzi. Shida kubwa ni kwamba Touring ikivuliwa vitu inafanana sana na Lightweight, na kuna 911 za kawaida kabisa zilizovalishwa mkia wa bata zikaitwa RS. Chasisi ya RS inaanza na 911360, injini inaanza na 663, lakini namba hazikwambii M471 au M472, hiyo inatoka kwenye rekodi ya kiwanda, Kardex, na bila hiyo mimi sisaini kitu hata muuzaji akasirike. Baada ya karatasi ndio naingia kwenye bodi. Nafungua boneti naangalia kwa chini pale penye nembo, kama kuna matundu yaliyozibwa kwa weldi basi kulikuwa na nembo ya chuma. Naangalia nyuma kama kuna gundi ya zamani ya kapeti au alama za siti. Napitisha sumaku kwenye bampa la nyuma. Na kutu, jamani, lile bati jembamba halikuwa na kinga kama ya 911 za miaka iliyofuata, kwa hiyo gari ambayo haina kiraka hata kimoja chini inanitia wasiwasi kuliko yenye viraka viwili vya wazi, nataka kujua bati lile jipya limetoka wapi na nani alilichomelea.

Hii nyeupe, ndani inaonekana safi, mikanda ya mlangoni ipo, pale pa saa pamefunikwa. Lakini kwenye picha zote arobaini hakuna hata moja ya chini ya boneti. Nimemwambia mteja aombe hiyo picha na Kardex, asitume hata senti kabla hazijafika.