Pikseli haziombwi hivyo: dhana potofu kuhusu programu za kuchakata picha

Developa yeyote aliyewahi kuona seva inazima kwa kuishiwa RAM (memori ya kazi) wakati wa kupunguza picha ameshaambiwa "ongeza RAM". Ushauri huo unatokana na dhana kwamba programu ya picha lazima ifungue picha nzima, iipakie yote kwenye memori, ifanye kazi ya kwanza, af ya pili, af ya tatu, ndo isevu. Programu za hivyo zipo nyingi kweli, ila sio lazima iwe hivyo.

Angalia hesabu. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikiwa JPEG unaweza kukuta ni MB 6 tu, mtu anaona kitu kidogo, kumbe ikifunguliwa ni pikseli milioni 24 na kila moja inakula baiti 3, jumla MB 72. Sasa weka hatua tatu ambazo kila moja inatengeneza nakala yake, hapo umevuka MB 200 kwa picha moja, na watu kumi wakiapload kwa pamoja ushafika GB 2.

Dhana nyingine, na hii ndo mama wa zote: kazi inaanzia kwenye faili inashuka hadi mwisho.

Ukweli ni kwamba kwenye programu zilizotengenezwa vizuri ombi linatembea kinyumenyume. Libvips, maktaba ya kodi ya kuchakata picha, ni mfano mzuri, chimbuko lake ni mradi wa Ulaya wa VASARI ulioanza 1989, walikuwa wanashughulika na picha kubwa mno za michoro ya makumbusho kama National Gallery ya London, na kompyuta za wakati ule zilikuwa na memori ndogo sana. Ukiiambia fungua, kropu (kata kingo), tia ukungu, ongeza mwanga, haigusi pikseli hata moja, inapanga tu nani anamtegemea nani. Ukisema sevu, ndo hatua ya mwisho inamgeukia aliye nyuma yake, nipe kipande hiki, naye anamwomba wa nyuma yake, mpaka faili linafikiwa. Ulichokikropu nje hakichakatwi kabisa, maana hakuna aliyekiomba. GEGL, injini iliyo ndani ya programu ya kuhariri picha GIMP 2.10 ya 2018, nayo iko hivyohivyo, kila operesheni inaulizwa: ili utoe kipande hiki, unahitaji kipande gani kiingie?

Na jibu lake halilingani kila mara. Kuongeza mwanga unahitaji pikseli zilezile. Ila kichujio cha ukungu cha 5 kwa 5 kinataka majirani, pikseli 2 za ziada kila upande, kwa hiyo kigae (kipande cha mraba cha picha) cha 128 kwa 128 kinaomba 132 kwa 132, na ukiwa na vichujio viwili vilivyofuatana kile cha kwanza, kilicho karibu na faili, kitaomba 136 kwa 136. Yaani unasoma pikseli 18,496 ili upate 16,384, ziada ya asilimia 13 hivi, inavumilika.

Hapo ndo wengine wanasema basi tuombe pikseli moja moja, tutabana matumizi zaidi. Hapana jamani! Kwa vichujio vilevile viwili, pikseli moja inahitaji eneo la 9 kwa 9, umetaka 1 umesoma 81, na juu yake kuna gharama ya kuita fankisheni kila pikseli. Ni kujaza pipa kwa kijiko. Kigae cha 128 kwa 128 chenye rangi tatu ni baiti 49,152, kinakaa vizuri kwenye memori ya haraka iliyo ndani ya prosesa, na kila thredi (mkondo wa kazi unaoenda sambamba na mingine) inachukua kigae chake bila kugombania na mwenzake.

Lakini usiamini pia kwamba kila kitu kinaweza kwenda kwa vipande. Kusawazisha histogramu (kupanga upya mwanga wa picha nzima) lazima pikseli zote zihesabiwe kwanza. Kuzungusha digrii 90 ndo kunawachanganya wengi, maana mstari wa kwanza wa picha mpya ni safu wima ya ile ya zamani, inagusa mistari yote ya faili, kwa hiyo libvips ukiwa umeiambia utasoma kwa mfuatano kutoka juu kwenda chini itagoma na kukwambia umesoma nje ya mpangilio. Hapo RAM au diski ya muda inahitajika tu.

Kwa picha ndogo za utangulizi kuna faida watu wanaiacha mezani. JPEG imehifadhiwa kwa vibloku vya 8 kwa 8, so kisomaji kinaweza kukupa picha iliyopungua mara 8 palepale wakati wa kufungua, 6000 kwa 4000 inatoka 750 kwa 500, pikseli 375,000 badala ya milioni 24. Faili lote bado linasomwa, ila kazi kubwa imeondoka. Libvips inafanya hivi yenyewe ukitumia operesheni yake ya thumbnail, ukifungua kwa njia ya kawaida af ukapunguza baadaye ushaipoteza.

Na ujanja wote huu unategemea faili lenyewe. Picha ya setilaiti ya Sentinel-2 ni pikseli 10,980 kwa 10,980 kwa bendi (tabaka za rangi) ambazo kila pikseli ni mita 10, ikiwa kwenye faili la TIFF lililopangwa kwa mistari mirefu ukiomba kipande cha shamba moja utasoma mistari mizima toka upande hadi upande, ila ikiwa imeseviwa kwa vigae pamoja na nakala zake zilizopunguzwa ndani ya faili, hata kupitia intaneti programu inaomba baiti za vigae hivyo tu na zingine zinabaki kwenye seva.