"Si alienda mwenyewe?" na dhana nyingine potofu kuhusu magenge yanayosafirisha watu

Nimechoka na hii sentensi. Naisikia kwa polisi, naisikia kwa mjomba aliyeuza kipande cha shamba apate nauli, juzi nimeisikia kwa kijana mwenyewe aliyerudi kutoka Myanmar, ananiambia, "Wakili, mimi sina kesi, nilienda mwenyewe na tiketi nililipa mwenyewe." Kesi unayo.

"Alikubali mwenyewe, kwa hiyo si mhanga"

Alikubali nini? Alikubali kazi ya kastama kea Bangkok, mshahara wa dola, chakula na malazi juu ya kampuni. Akapewa viza ya utalii na kuambiwa wakikuuliza uwanja wa ndege sema unaenda likizo. Akatua Bangkok, gari likamchukua, masaa kibao barabarani mpaka Mae Sot, kisha akavushwa mto Moei kwa boti na kujikuta Myawaddy, Myanmar, nchi ambayo hata kwenye mazungumzo haikuwahi kutajwa, viza ya huko hana na pasipoti wameshachukua. Hapo ndipo wengi hamuoni: genge limemfanya mhamiaji haramu kwa makusudi, maana mtu asiye na karatasi haogopi bosi peke yake, anaogopa na polisi wa kumwokoa. Halafu ndani ya kampaundi anaketishwa kwenye kompyuta kujifanya mchumba wa Mmarekani fulani mpweke amvute kwenye kripto feki, asipofikisha lengo la siku anapigwa, akitaka kutoka familia itume maelfu ya dola. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 huenda wanashikiliwa Myanmar kwa kazi hiyo na wengine kama 100,000 Cambodia. Ukiwauliza, wengi wao nao tiketi walipanda wenyewe.

Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu haina utata: palipotumika udanganyifu au vitisho, ridhaa ya mhanga haihesabiki kabisa, na hilo limetoka kwenye Protokali ya Palermo ya 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Kifungu cha 14 kinamkinga mhanga asishtakiwe kwa kuwa nchini isivyo halali au kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Aliyemsafirisha ndiye anangojewa na miaka isiyopungua 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Na msidhani haya ni ya vijana wa kompyuta tu. Chukua Waethiopia wanaoingia Kenya kupitia Moyale wakielekea Afrika Kusini. Hawa kweli wanaanza kama wateja, wamelipa dalali awavushe, wakivushwa salama wameachana. Sasa wakifika Nairobi wanafungiwa kwenye nyumba mtaani, dalali wa pili anasema wa kwanza hajanilipa, simu inapigwa kwa ndugu kule Hosaena, Ethiopia, huku kijana anapigwa asikike, bei inapanda. Mteja ameshakuwa mateka, na hilo hakulikubali siku yoyote. Halafu polisi wanavamia hiyo nyumba, vijana wanapelekwa kortini asubuhi, wanakiri kosa la kuwa nchini bila kibali, wanatumikia kifungo na kurudishwa kwao. Mashahidi wote wameondoka, aliyekodi nyumba anatafuta nyingine, na hakuna aliyejishughulisha kuandika namba iliyokuwa ikipokea hela. Kwa nini? Kwa sababu kuanzia mwanzo wamehesabiwa kuwa walikuja wenyewe, basi hakuna la kuuliza.

Kwa hiyo wazazi wangu, nawaomba, MSIFUTE MESEJI. Karibu kila familia inayokuja kwangu imefuta kitu kwa aibu. Kuna mama alifuta gumzo lote la WhatsApp na yule ajenti, kwenye simu zilikuwa zimebaki meseji chache tu za M-Pesa, na moja ilikuwa na jina kamili la mpokeaji, akalisoma kwa sauti, akanyamaza, akasema huyu ni shemeji wa jirani yangu. Tukaanzia hapo. Skrinshoti ya tangazo, voisinoti, jina la aliyemtambulisha (mara nyingi ni mtu wa kanisani au mliyesoma naye), leteni vyote, hata kama mnaona vinawaaibisha nyinyi.

"Wahamiaji haramu ndio wahalifu wenyewe"

Kwenye biashara hii mhamiaji ni mzigo. Tarehe 24 Machi 2020 kule Tete, Msumbiji, lori lilifunguliwa wakakutwa Waethiopia 64 wamekufa ndani ya kontena, waliopona ni 14. Oktoba 2022 likafukuliwa kaburi la pamoja Mzimba, Malawi, miili 25 mwanzoni, ikaongezeka. Wenye genge hawapandi kontena. Ndiyo, wapo wahamiaji waliogeuzwa madalali wadogo, wengine ili wapunguziwe deni, hao tuwachunguze mmoja mmoja, lakini kumtia pingu kila aliyeshushwa kwenye lori na kuita hiyo vita dhidi ya magenge ni mchezo.

"Wanapita njia za panya usiku"

Wengine ndiyo. Wa kwenda Asia wanapita mlango wa abiria mchana kweupe, na muhuri wanagongewa.

"Akikamatwa bosi mkubwa imeisha"

Kidane Zekarias Habtemariam, Mwaeritrea aliyesifika kwa mateso ya wahamiaji Bani Walid, Libya, alikamatwa Addis Ababa 2020, akatoroka 2021 akiwa amepelekwa mahakamani, akanaswa tena Sudan Januari 2023. Vizuri sana, nilifurahi. Lakini njia zilibaki wazi, kwa sababu huu si ufalme, ni mnyororo: dalali wa kijijini, boda, mwenye loji, dereva, ofisa anayeangalia pembeni, mtu wa hawala (yule anayehamisha hela nje ya benki). Kila mmoja anajua wa kabla yake na wa baada yake basi. Mimi ningeanza na wa hawala.

"Fungeni mpaka kabisa"

Niger walijaribu. Sheria ya 2015 ikafanya kusafirisha wahamiaji kutoka Agadez kuwa jinai, magari yakakamatwa, madereva wakaacha njia kuu wakaingia jangwani mbali na visima, bei ikapanda na abiria wakaachwa mchangani. Novemba 2023 serikali ya kijeshi ikaifuta sheria hiyo.

"Akishaokolewa mambo yamekwisha"

Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti kwenye maeneo ya mpakani ya Myanmar yenye hizo kampaundi, watu kama 7,000 wakatolewa, Wakenya wakiwemo, wengi wakakaa wiki kadhaa kambini mikononi mwa wanamgambo wakingoja tiketi ya kurudi. Na wakitua tu wanapanda matatu moja kwa moja kijijini. Jamani, mpitisheni kwanza kwa wakili au kwa wapelelezi aandikishe maelezo, siku hiyo hiyo ikiwezekana, hata akiwa amechoka. Ajenti huwa ana namba yake bado, na kwa kawaida anampigia kabla yangu kumwambia akifungua mdomo atafungwa yeye.