Kumngoja Mungu na Sanamu za Leo: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Dhana: Sanamu ni vinyago na matambiko; aliyeokoka hayamhusu.

Ukweli: Ndama wa dhahabu alisubuliwa na watu waliovuka Bahari ya Shamu miguu mikavu miezi michache tu nyuma. Musa alikaa Mlima Sinai siku 40. Walipoona amekawia, wakavua pete za masikioni wakampa Haruni. Na hapa ndipo wengi tunaposoma mbiombio: Haruni hakutangaza dini mpya. Alitangaza kwamba kesho yake ni sikukuu kwa BWANA (Kutoka 32:5). Ndama yule alisimamishwa kwa jina la Mungu wao wenyewe, na kilichomleta ni kuchoka kungoja.

Dhana: Mafuta na maji ya upako hayawezi kuwa sanamu, maana yameombewa.

Ukweli: Nyoka ya shaba haikuombewa tu, Mungu mwenyewe aliiagiza, na walioitazama wakapona (Hesabu 21). Vizazi vingi baadaye watu walikuwa wanaifukizia uvumba, ndipo mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Yakobo 5:14 anataja mafuta, ni kweli, lakini aya inayofuata inasema kinachomwokoa mgonjwa ni kuomba kwa imani. Bei haitajwi popote.

Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Nawaza kuhusu watu wale mara nyingi. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na magonjwa na madeni, na wameomba muda mrefu.

Nimeyaona haya nyumbani kwetu. Kabatini kwa mama yangu mkubwa palikuwa na kichupa cha mafuta kilichofika nusu, na pembeni yake vidonge vya presha, pakiti haijafunguliwa. "Mwanangu," akaniambia, "nikimeza nitakuwa nimekosa imani." Sikumbishia. Nilimsomea habari za Hezekia, ambaye naye aliugua: Isaya alimletea neno la kupona, kisha akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Akaniomba nirudie.

Dhana: Mkristo hawezi kuabudu pesa, anazitumia tu.

Ukweli: Paulo anaita tamaa ibada ya sanamu, bila kuzunguka (Wakolosai 3:5). Wanaokumbuka DECI, mchezo wa upatu uliovuma Tanzania na kusimamishwa mwaka 2009, wanajua jinsi lugha ya madhabahuni, kupanda na kuvuna, ilivyotumika kuwaaminisha watu faida ya haraka isiyo na jasho.

Dhana: Kumngoja Mungu ni kukaa umekunja mikono.

Ukweli: Wayahudi walipokuwa uhamishoni Babeli, walikuwepo manabii waliowaambia watarudi kesho kutwa. Yeremia aliwaandikia kwamba ni miaka 70. Hakuwaambia wakae wakilia, aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wauombee mji ule (Yeremia 29). Anayepanda bustani ugenini hajakata tamaa na Mungu. Anaishi ndani ya muda wa Mungu, akipalilia.

Mama mkubwa sasa anameza kidonge chake asubuhi baada ya chai. Huomba kwanza, glasi ya maji ikiwa mkononi, na huomba kirefu.