Dhana Ambayo Hakuna Aliyeitamka

Ninapowezesha kikundi kipya, huanza na zoezi lililobuniwa na mwanasaikolojia Peter Wason mwaka 1960. Nawapa washiriki namba 2, 4 na 6, nawaeleza kwamba zinafuata kanuni fulani, kisha nawaomba waigundue kwa kunitajia namba nyingine tatu tatu, nami nitasema tu kama zinaifuata au la. Wanataja 8, 10, 12, nasema ndiyo. Wanataja 20, 22, 24, nasema ndiyo tena. Punde wanatangaza kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Sivyo: kanuni ni kwamba kila namba iwe kubwa kuliko iliyoitangulia, kwa hiyo hata 1, 7, 300 ingekubalika, lakini hakuna aliyeijaribu kwa sababu wote walikuwa wakitafuta “ndiyo”.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, nami nakubali, ila kwa sharti kwamba hao wengi hawajaanzia mahali pamoja. Nimeona mara nyingi msemaji wa kwanza akitaja “kuongeza mbili” kana kwamba ni jambo la wazi, na tangu hapo kikundi kinabishana kwa bidii kuhusu mifano ya kujaribu, huku dhana yenyewe ikipita bila kuulizwa. Dhana inayozua ubishi hainisumbui, kwani itajadiliwa tu; ninayoiogopa ni ile ambayo kila mmoja anayo, na kwa hiyo hakuna anayeona haja ya kuitamka.

Jambo hili halibaki darasani. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi nchini Marekani walihofia kwamba baridi ingeathiri pete za mpira zilizoziba viungo vya roketi za chombo cha anga cha Challenger. Ulinganisho wa halijoto ulihusu safari ambazo pete zilikuwa zimepata hitilafu, na katika hizo peke yake athari ya baridi haikuonekana wazi. Safari zisizo na hitilafu, ambazo zote zilifanyika katika nyuzi 66 za Farenhaiti au zaidi, ziliachwa nje, ingawa ndizo zilizofanya picha ieleweke. Chombo kilirushwa asubuhi, na watu 7 waliokuwamo wakafa.

Kwa sababu hiyo, kabla mtu yeyote hajasema neno, humwomba kila mshiriki aandike peke yake ni tokeo gani lingemwonyesha kwamba amekosea, na ni taarifa zipi tumeziacha kwa kudhani hazihusiki. Kuandika kwanza ni muhimu kuliko swali lenyewe, kwani akishasikia jibu la kiongozi wake, wa pili hulirudia kwa maneno mengine. Wala sishauri kuhoji kila kitu, maana kikundi cha namna hiyo hakimalizi hata ajenda ya kwanza. Nachagua dhana mbili au tatu ambazo, zikiwa si kweli, uamuzi wetu utabadilika. Nyingine naziacha zilivyo.